Remoki ya zamani ya jeshi: anzeni chini, rangi iwe ya mwisho



Wengi wenu mliotupitia hapa depo ya Murara mliiona ile remoki ya kijani iliyokuwa imelala karibu na ukuta, kuku wanatagia ndani. Sasa inatembea. Inapanda Kibumba ikiwa tupu na inashuka Goma na viazi, mashu na puaro. Tangu ianze kazi, koperative tatu zimetuuliza namna ya kutengeneza ya kwao, maana remoki za namna hii zipo, zimeachwa nyuma ya maghala na ndani ya viwanja vya garaji. Somo la leo ni hilo. Tutawaambia pia mahali tulipokosea, kwa sababu tulilipa rangi mara mbili.

Kwanza, mjue ni kitu gani mnachokitazama. Remoki nyingi za jeshi zenye magurudumu mawili zilitengenezwa kwa mfano wa Wamarekani, na zinaitwa kwa uzito zinaobeba. Ile ndogo ya robo tani ilivutwa na jeep. Ya robo tatu ya tani ilianza miaka ya 1950, ikivutwa na kamionete ya Dodge M37. Ya tani moja na nusu ilifuata lori kubwa la magurudumu sita. Hiyo msiihangaikie kama mna Land Cruiser tu.

Hapa wengi wanadanganyika. Tani ya Wamarekani si kilo 1000, ni kilo 907. Robo yake ni kilo 227, na robo tatu ni kilo 680. Maana yake, ile remoki ndogo ya jeep, inayopendeza macho, kazi yake kwenye njia mbaya ni magunia mawili ya viazi. Chukudu nzuri inayoshuka kutoka Kibumba inabeba zaidi ya hapo, tena haina haja ya esansi! Kwa hiyo kama ni ndogo ndiyo mmepata, fanyeni hesabu kabla ya kutoa pesa. Ya kwetu ni ya robo tatu. Kilo 680 ndicho kipimo chake nje ya lami. Kwenye lami nzuri kiwanda kiliruhusu zaidi, lakini kati yetu nani anayelima pembeni ya lami nzuri?

Karatasi kabla ya nyundo

Msinunue remoki isiyo na karatasi, hata ikiwa bei ni ya bure. Kitu cha jeshi mkononi mwa raia kina maswali, na kwa njia zetu maswali hayo yataulizwa kila kizuizi. Ya kwetu tuliinunua kwa shirika lililokuwa linauza vyombo vyake vya zamani, wakatupa karatasi ya mauzo yenye namba ya chuma. Namba hiyo tuliitafuta sisi wenyewe kwenye kile kibati kilichopigwa misumari na kiwanda, tukalinganisha tarakimu moja moja. Kibati hicho msikitoe na msikipake rangi. Maandishi ya jeshi yaliyochorwa ubavuni yafuteni yote, ila kibati kibaki.

Na kabla ya mtoto yeyote kupanda ndani kuchezea, mtu mzima mmoja atazame polepole: chini ya vumbi, ndani ya sanduku la vyombo, katikati ya mbao za chini. Tunaishi Kivu ya Kaskazini. Mkiona risasi, gurunedi au chuma msichokijua, msikiguse na msikisogeze. Ondokeni, wekeni alama mbali nacho, mwarifu viongozi ili wawaite wategua mabomu.

Kosa letu

Sisi tulianza na rangi. Tulikuwa na haraka, mkutano mkuu ulikuwa karibu, tukataka wanachama waone kwamba pesa yao imefanya kitu. Kijana alikwangua kutu, akapaka bluu mara mbili, na kweli ilipendeza. Watu walipiga picha.

Siku ya tatu fundi mekaniki mmoja mzee wa hapa mtaani alipita, akatazama bila kusema. Alilala chini kwa mgongo, akagongagonga kwa spana ndogo. Aliposimama alituambia: "Hii haiyakufa, inalala tu. Lakini mumeivalisha nguo mbele ya kuiosha." Akatuonyesha ule mkono wa mbele, ile pembe tatu ya chuma inayofika kwenye pete ya kuvutia. Pale inapoungana na fremu kulikuwa na ufa mrefu kama kidole, na rangi yetu mpya ilikuwa imeufunika vizuri kabisa.

Fikirini ufa ule kwenye mteremko wa Kibumba, na gari za abiria, wamama na mizigo kichwani, na watu wa chukudu chini yake. Remoki ikikatika pale haisimami yenyewe.

Ilibidi kukwangua rangi yote ya mbele na kuanza tena. Kwa hiyo utaratibu tunaowapa ni wa kinyume na tuliofuata sisi: kwanza mkono wa mbele na pete, pili rulema na esie, tatu rimu na tairi, nne resori na breki, tano taa, kisha sanduku, na rangi ya mwisho kabisa.

Kutafuta ufa si kazi ya macho peke yake. Osheni chuma kwa mafuta ya taa, futeni mpaka kikauke, kisha pakeni unga wa chaki pale penye maungio. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yatarudi nje polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Tulipofanya hivyo tulipata ufa wa pili ambao hata yule mzee hakuuona.

Kuhusu kusudure: msikubali fundi ajaze tu mate ya chuma juu ya ufa. Ufa unafunguliwa kwanza kwa meule mpaka mwisho wake, unasuduriwa ndani, halafu juu yake kinawekwa kipande cha chuma cha kuongeza nguvu. Waya wa masi wa mashine ufungwe karibu sana na pale anaposuduri. Ukifungwa mbali, upande mwingine wa gurudumu, umeme unapita ndani ya rulema na kuzichoma, na hamtajua mpaka mko njiani.

Rimu inayoua

Hapa tunaomba kila mtu asome mara mbili, na asiyejua kusoma asomewe.

Baadhi ya remoki za zamani za jeshi zina rimu ya vipande viwili. Ukitazama gurudumu, utaona buloni za duara ya ndani zinazolishika kwenye esie, na duara ya pili ya buloni, ya nje yake, inayoshikanisha vipande viwili vya rimu. Nyingine zina pete ya chuma iliyobanwa pembeni. Zote ni hatari kwa namna moja: upepo wa tairi ndio unaosukuma vipande hivyo. Ukifungua duara ile ya pili wakati tairi ina upepo, kipande kinaruka kwa nguvu ya kuvunja kichwa. Makwado wengi vijana hawajawahi kuona rimu ya hivyo. Watafikiri ni buloni za kawaida.

Yule mzee alisimama juu ya kwado wetu na kurudia sentensi moja tu: "Mutoshe kwanza pumuzi yote, njo mufungue buloni." Kutoa upepo wote ni kutoa kile kiini cha ndani cha valvu, si kubonyeza tu. Na hata baada ya kukitoa, pitisheni waya mwembamba kwenye valvu, kwa sababu matope na kutu vinaweza kuziba na tairi ikaonekana tupu kumbe imejaa. Tairi ikiwa bado ngumu kwa mguu, msifungue kitu. Wakati wa kurudisha upepo, gurudumu lizungushiwe mnyororo mzito, mtu asimame pembeni na mpira mrefu wa upepo, asiiname juu yake.

Kama mnaweza kupata rimu za kipande kimoja zinazoingia kwenye buloni za remoki yenu, wekeni hizo na muuze zile za zamani kama chuma. Tulifanya hivyo, tukapata faida ya pili: sasa rimu ni sawa na za gari, na tairi moja ya akiba inatosha zote.

Tairi zenyewe zisiwadanganye kwa meno marefu. Remoki iliyolala miaka mingi ina tairi zenye meno mazuri na mpira uliokufa. Tafuteni tarakimu nne ubavuni, mwisho wa ile namba inayoanza na DOT: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama ni tarakimu tatu tu, tairi ni ya kabla ya mwaka 2000, na kazi yake iliyobaki ni kupandia vitunguu.

Rulema, na safari ya kwanza

Rulema tulizitoa zote nne, tukaziosha kwa mafuta ya taa (msitumie esansi karibu na babula na sigara), tukazizungusha kwa kidole sikioni. Mbili zilikuwa kimya, mbili zilikwaruza kama mchanga. Zilizokwaruza tulibadilisha pamoja na kikombe chake; kubadilisha rulema bila kikombe ni kupoteza pesa. Grese inasukumwa kwa kiganja mpaka itoke upande wa pili. Kupaka juu tu hakutoshi.

Kukaza ndiko tulikoanguka. Njia ya sawa ni hii: mmoja anazungusha gurudumu, mwingine anakaza ekru mpaka gurudumu lianze kuwa zito, kisha ekru inalegezwa kidogo, mpaka gurudumu lizunguke bure lakini lisicheze ukilishika juu na chini, halafu pini mpya. Kijana wetu upande wa kushoto alikaza, akasahau kulegeza.

Safari ya majaribio tulienda tupu kuelekea Rutshuru. Tulipofika Kibati tulisimama, maana tulikuwa tumekubaliana kusimama kila kilomita kumi na kushika vikombe vya magurudumu kwa mkono. Cha kulia kilikuwa vuguvugu. Cha kushoto hakikushikika! Tungeendelea mpaka Kibumba, rulema ingeungua na gurudumu lingetuacha. Tulilegeza ekru palepale kando ya njia, tukasubiri ipoe. Hatukumwagia maji. Kwanza maji ya Goma mnajua yanakotoka na yanavyobebwa, na pili chuma cha moto kikimwagiwa maji kinaweza kupasuka.

Kushika magurudumu kwa mkono hakuna gharama. Fanyeni hivyo kila safari, hata remoki ikiwa imezoeleka.

Pete, mizani na taa

Remoki ya jeshi ina pete nzito ya chuma. Gari zetu nyingi zina kichwa cha mpira, au pini tu. Tumeona watu wanaivisha pete juu ya kile kichwa na kufunga kamba. Msifanye hivyo. Pete inahitaji kulabu yake yenye taya inayofungwa juu na pini ya usalama, na kulabu hiyo ifungwe kwenye fremu ya gari, si kwenye bampa. Chini ya mkono wa mbele pawe na minyororo miwili iliyopishana kama msalaba, ili pete ikitoka, mkono uangukie juu ya minyororo na usichimbe barabara.

Namna ya kupakia ndiyo inayoamua kama remoki itafuata gari au itacheza mkia. Uzito wa mbele, pale kwenye pete, uwe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Remoki yetu ikiwa tupu ni kama kilo 600. Tukipakia kilo 600 za viazi, jumla ni 1200, basi pete iwe na kilo 120 hivi. Tunapima kwa mizani ileile ya depo: remoki ikiwa sambamba na ardhi, tunasimamisha kipande cha mti juu ya mizani na kukalisha pete juu yake. Ikionyesha kilo 40, magunia mawili yanasogezwa mbele. Ikionyesha 200, yanarudi nyuma. Baada ya wiki mbili vijana waliweka alama za rangi sakafuni na sasa hawapimi kila siku.

Kuhusu breki tuseme ukweli. Remoki nyingine za namna hii zina breki ya mkono peke yake, ya kusimamia. Wakati wa kushuka hazisaidii kitu, gari ndilo linabeba yote. Kama yenu ni hivyo, shukeni kwa gia ya chini tangu juu, msingoje mteremko uwakamate, na mvua ikinyesha pakieni nusu. Dereva wetu alikataa mara moja kupakia gunia la saba ambalo mwanachama mmoja alilileta amechelewa. Palikuwa na kelele. Kamati ilimpa dereva haki, na tangu siku ile neno lake juu ya mzigo ni la mwisho, hata mbele ya prezida wa koperative.

Taa za jeshi mara nyingi ni za volti 24, na gari zetu ndogo ni volti 12. Zikiunganishwa hivyohivyo zinawaka kama mshumaa unaokufa. Si lazima kununua taa mpya: badilisheni balbu na ile priza, nyaya zikiwa nzima. Polisi wa rulaje wataziangalia taa kwanza, kabla hata ya karatasi.

Sanduku na rangi

Rangi ya zamani ya jeshi inaweza kuwa na madini ya risasi ndani. Msiikwangue ikiwa kavu na watoto wakiwa karibu. Lowesheni, vaeni barakoa, kusanyeni maganda yote kwenye shitingi, mbali na kuku na mahali pa kuanikia maharagwe. Chini tuliweka mbao za mkaratusi na kuacha nafasi ya kidole katikati, maji ya mashu yapite. Remoki ndogo ya jeep ilitengenezwa iweze kuelea majini, kwa hiyo haina matundu ila ina vizibo sakafuni. Vifungueni vibaki wazi, la sivyo viazi vitaoga.

Rangi mpya iwe yoyote isiyo ya kijani wala ya vumbi la jeshi. Hakuna dereva anayependa kueleza usiku kwa nini raia anavuta kitu chenye rangi ile.

Kulala nayo

Kwa nchi nyingine watu wananunua remoki hizihizi kwa ajili ya kwenda porini kutembea tu: wanasimamisha hema juu yake, jiko nyuma, maji pembeni. Tulicheka, halafu tukaiga. Wakati wa kununua viazi tunakaa siku mbili tatu kwenye kituo cha kukusanyia, na zamani walinzi walilala juu ya magunia kwenye mvua. Sasa tuna vyuma vinne vya kusimika, shitingi juu, madumu ya maji yamefungwa mbele, mizani na vitabu ndani ya sanduku lenye kufuli.

Kabla mtu hajapanda, mawe nyuma na mbele ya magurudumu, mguu wa mbele chini, na gogo chini ya nyuma. Mtu mzito mmoja akipanda nyuma bila gogo, remoki inainuka mbele na kumwangusha. Babula isiingie chini ya shitingi hata kukiwa na baridi ya Kibumba. Na mahali pa kambi waulizeni wenyeji kwanza juu ya mazuku. Hewa ile haionekani, ni nzito, inajikusanya kwenye mabonde na mashimo, na imeua watu na mbuzi pande za Goma na Sake. Msisimamishe kambi kwenye shimo, hata kama ndiko kusiko na upepo.

Chukudu na kitabu

Mkutano ulipoona remoki inafanya kazi, wenye chukudu waliuliza kwa haki: sisi tutakula nini? Mama mmoja wa kamati ndiye aliyepata njia. Remoki inaishia depo. Vichochoro vya Murara, vilivyojaa mawe ya volkano, haiviwezi, na kugeuka kwake kunataka uwanja. Kutoka depo mpaka kwa wauzaji mzigo ni wa chukudu, na wenye chukudu wanachama wanaitwa kwanza.

Mama huyohuyo ndiye anashika kitabu cha remoki. Kila safari inaandikwa: nani aliomba, kilo ngapi, gurudumu gani lilikuwa na moto, nani alipaka grese. Kila gunia linalipa kitu kidogo, na pesa hiyo haiingii kwenye sanduku la mikutano. Ni ya tairi na rulema tu. Mwenye remoki yake mpya aandike pia hili kwenye ukurasa wa kwanza: ekru za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 za kwanza, na tena kila mara gurudumu linapotolewa. Za kwetu mbili zilikuwa zimelegea.